Usukani Uliohamia Nyuma

Wenceslaus, fundi magari wa mtaa wa Cheyo, alikuwa mbishi kuliko gari lake, na gari lenyewe lilikuwa bishi kweli. Alilinunua enzi za Mwingereza, kwa mzungu wa tumbaku aliyekuwa anarudi kwao. Akakata paa, akakata na nyuma, ili abebe madebe ya asali kutoka Sikonge. Mbele kikabaki kiti kimoja cha watu wawili, tena wawili wanaopendana.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mkewe, Josepha, alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na alishaapa: "Bila mama yangu, mtoto habatizwi!" Mama huyo, Mama Paskazia, aliishi Sikonge na miguu ilimsumbua. Baiskeli haiwezi. Gari je? Thubutu! Kwa desturi yao, mama mkwe na mkwewe hawakai bega kwa bega, hawatazamani usoni, wala hawaitani majina. Kumpakia nyuma kwenye mzigo? Alishatuma neno: "Mimi si debe la asali." Na kumpa dereva mwingine gari lake, Wenceslaus afadhali ang'olewe meno.

Akakuna kichwa, akapata jibu ambalo mwenye akili timamu asingelipata: mama akae mbele, dereva ahamie nyuma.

Basi akakata mhimili wa usukani, ile fimbo ya chuma inayopeleka mzunguko wa usukani kwenye magurudumu, akaurefusha kwa bomba nene. Ungepita moja kwa moja ungemchoma mama mbavuni, kwa hiyo akaweka krosi mbili, vile viungo vinavyouwezesha kupinda na bado ukazunguka, akaupitisha chini ya kiti. Pedali nazo akazirefusha kwa vyuma. Cheyo nzima ikatoka kucheka.

"Chekeni tu," akafoka, "meno si yenu?"

Kutoka Sikonge, Mama Paskazia alikaa mbele kwa heshima zote, jua likamchoma, akafungua mwavuli. Lo! Wenceslaus akawa anaona maua ya mwavuli tu, barabara haipo. Sasa utamwambiaje mkweo?

"Kama mtu angefunga mwavuli," akaiambia hewa, "mtu mwingine angeona njia."

"Kama mtu asingekata paa," mwavuli ukajibu, "mwavuli ungekuwa wa nini?"

Wakaenda hivyo hivyo, yeye akikisia kwa miti ya pembeni, mpaka kwenye daraja la magogo. Gari likaelekea korongoni.

"Kulia! Kulia, we Wenceslaus! Unataka kuniua kabla sijamwona mjukuu?"

Akazungusha usukani kwa nguvu zote. Bomba likapiga kelele, krosi zikashika, magurudumu yakarudi kwenye magogo. Ng'ambo akasimama, jasho likimtiririka. Mkwe amemtaja jina! Hilo alilihofia kuliko korongo.

Mara mwavuli ukaanza kutikisika. Mama Paskazia alikuwa anacheka, anacheka hadi anajipigapiga mapaja, na Wenceslaus naye akashindwa kujizuia.

Kanisani Josepha alimpakatisha mama yake mtoto huku akilia kwa furaha. Bibi akambusu mjukuu, kisha akasema bila kuinua macho:

"Baba, kabla hujanirudisha nyumbani, rudisha usukani mbele. Koo limenikauka kwa kumpigia kelele mtu wa nyuma. Kiti kile kinatutosha mimi na wewe."

"Ndiyo, mama."

Wenceslaus alifurahi, jamani, mpaka akasahau kutazama chini. Akaenda kutafuta msumeno wa kulikatia lile bomba.