Ibra Ilipotolewa Kundi la Sur

Mjukuu wangu anacheza mpira wa magongo katika timu ya chuo chake hapa Ibra. Mie sheria zake sizijui hata leo. Najua tu kuupiga kwa mguu ni makosa, na kwamba akirudi nyumbani lazima awe na alama za damu iliyovilia kwenye muundi. Lakini mchezo ule niliupenda kuliko vizee wote wa mtaani, kwa sababu ndio uliokuwa ukinipeleka Sur.

Sur yuko dada yangu. Anakaa Aija, ng'ambo ya daraja, na miguu yake haimruhusu tena safari ndefu ya gari. Mwanangu kazi yake iko Maskati. Nikimwambia nipeleke kwa mama yako mkubwa, hunijibu "inshallah, mama," na inshallah yake ile naijua. Safari ya kwenda kumwona mtu tu haina siku yake. Safari ya mechi ina siku. Mtoto wake anacheza, hawezi kukosa, basi na mie nimo kiti cha nyuma na chupa yangu ya chai.

Na dada huko hupika. Waoman mgeni hawamwachi bila ya kahawa na halwa, sisi wa Unguja hatumwachi bila ya kumshibisha, na dada yangu ana yote mawili. Mechi ikimalizika huwachukua vijana wa Ibra wote uani kwake: katlesi, mkate wa kumimina, maandazi. Mama yetu katlesi zake alikuwa akizitia ndimu mpaka unafumba jicho moja, lakini tuyaache hayo.

Mwaka huu mjukuu akaja na habari. "Bibi, makundi yamepangwa upya. Sisi tumetiwa na Nizwa. Sur wametiwa na vyuo vya pwani."

"Nani kapanga?"

"Kamati ya vyuo."

"Kamati hiyo haina dada?"

Akacheka. Akachukua tende akanipangia kwenye sinia: hii Ibra, hii Sur, hizi Nizwa na wenzake. Akaivuta Ibra mpaka kwa Nizwa. Mie nikaichukua Nizwa nikaila.

Nilimpigia dada simu, nikamweleza. Akasema, "Watabadilisha tu hao," akaanza habari ya jirani yake na mbuzi. Nikajua hajanisikia, au hataki.

Siku ya mechi tukaenda Nizwa. Mwanangu akasimama Bidbid, pale njia zinapogawana, tununue maji. Nikakaa nikiitazama njia tuliyotoka nayo, ambayo ndiyo hiyo hiyo iendayo Sur, na roho imenikaa vibaya. Uwanjani sikushuka. Nikateremsha kioo tu. Gari la ubavuni mwetu alikuwemo mama wa kijana mmoja wa Nizwa, kavaa abaya ya kahawia, akanisikia nikimgombeza mwanangu kwa Kiswahili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kiswahili umekipata wapi weye?"

"Bujumbura."

"Ndiyo maana kina vumbi."

"Na chako kimezidi nazi!" akanijibu, akanipitishia kikombe cha kahawa dirishani. Nikampenda hapo hapo.

Mara simu ikalia. Dada.

"Mko wapi? Maandazi yanapoa."

"Dada, si nilikwambia? Tuko Nizwa."

"Nizwa mnafanya nini na mie nishakaanga?"

Wiki ilikuwa ile ile ya mechi ya Sur kila mwaka, na mikono yake imekanda unga bila ya kuuliza kamati. Nikalia, sikufichi, na yule mama wa Bujumbura akajifanya anatazama mpira.

Yaliyofuata kanihadithia dada mwenyewe. Nahodha wa Sur ni mtoto wa jirani yake. Aliposikia harufu akaja na wenziwe. Dada kasimama mlangoni, kampa kila mmoja andazi moja asije akaambiwa ana choyo, akasema, "Hiki chakula cha Ibra. Nileteeni Ibra, mtakula mpaka mshindwe kunyanyuka."

Basi nahodha kampigia mjukuu wangu. Waalimu wao wakakubali mechi ya kirafiki wakati wa likizo, isiyo pointi wala kombe. Chuo hakikutoa basi, maana mechi si ya kundi, kwa hiyo baba zao ndio waliotakiwa kuendesha. Mwanangu na inshallah yake akakosa pa kupita. Nilikwenda Aija nimebanwa katikati ya magongo na vijana wanaonuka jasho kabla hata hawajacheza, na sijapata kusafiri vizuri kama siku ile.

Dada alikuwa kakaa kizingitini. Tukakumbatiana, akanipapasa mgongo kama anatafuta kilichopungua.

"Na hao wa Nizwa wakoje?" akauliza.

Nikamwambia habari ya yule mama na kahawa yake.

"Kiswahili cha Bujumbura!" akaguna. Akageukia uani ambako vijana wa Ibra na wa Sur walishaanza kugombania katlesi. "Mwambie mwakani aje na vijana wake. Lakini kwanza nitafutie sufuria kubwa kuliko hii."

Sufuria nimeshaipata, sokoni hapa Ibra. Imekaa chini ya kitanda changu.