Chungu cha Mirija Miwili Kwenye Mtihani wa Hesabu

Jamani, hili naona aibu hata kulisimulia, ila afadhali mlisikie kwangu kuliko huko shule jirani ya Bugarama ambako limeshatiwa chumvi.

Mimi ni mtu wa Morogoro, nimeletwa Kasulo kufundisha hesabu, na walimu wenzangu kila Jumamosi wanazunguka chungu cha pombe ya ndizi, kila mtu na mrija wake, soga zote kwa Kihangaza, lugha ya huku nisiyoijua, mimi niko chumbani nasikia vicheko tu (upweke usikieni kwa wengine). Basi nikapewa kutunga mtihani wa ujirani mwema, ule unaofanywa na shule zote za jirani, nikasema hapa ndipo watanitambua.

Mitihani naiandika kwa programu ya kompyuta ambayo unaipa amri kwa maneno, yenyewe inachora alama. Swali moja lilitaka alama ya hesabu ya kubuni, isiyo ya kujumlisha wala kuzidisha, ningeweka nyota yakaisha, lakini upweke una mambo, nikachora chungu kidogo chenye mirija miwili, na kwa kweli kilinifurahisha. Amri yake nikaipa jina fupi la kwanza lililonijia, kumbe ndilo nililokuwa nimeshaipa alama ya kuzidisha, na programu haikubisha, ikatii. Nikakagua swali lile moja tu, nikapeleka kuchapa.

Siku ya mtihani, ukumbi kimya, binti mmoja wa mbele akanyoosha mkono.

"Samahani mwalimu, hapa tatu na nne wanakunywa nini?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Kutazama karatasi, mama yangu, kila penye kuzidisha pana chungu! Simu zikaanza kuingia kutoka shule za Kanazi na Bugarama, na mkuu wa shule, mzee wa kanisa asiyegusa pombe, akaniita. Nikamwamkia, akaitika marahaba taratibu, akauliza hiyo mirija ni ya nani. Nikasema mmoja wangu.

"Na wa pili?"

Machozi yakanilenga, mtu mzima mimi na ndevu zangu. Akaniambia tu niende nikaandike ubaoni alama sahihi.

Jumamosi ile nikajikaza, nikafika hadi uani wanakonywea walimu wenzangu. Nikasikia jina langu, kisha "tatu na nne", kisha watu wanacheka hadi kukohoa. Nikageuka, nikarudi zangu kulala.

Nimeapa, kwenye mtihani alama zangu ni za kitabuni tu. Ila Jumamosi hii nitapiga hodi. Kama ni kunicheka, wanicheke nikiwa ndani.