Kikohozi cha Mkwe

Kijijini kwetu Mtinko watu wote walianza kuniita daktari kabla sijamaliza kidato cha sita. Kosa ni la baba. Nilipochaguliwa kusoma fizikia, kemia na biolojia, alisimama mnadani akawatangazia watu kwamba sasa ana daktari nyumbani, na tangu hapo sikuweza kwenda kuteka maji bila mtu kunionyesha goti lake. Nilikuwa najibu kwamba goti limechoka, lipumzishwe. Walilipumzisha, na wengine wakarudi kunishukuru.

Baada ya mitihani nilikwenda kukaa kwa shangazi, Utemini mjini, nikajitolea kwenye maabara ya hospitali moja. Nilitaka kuzoea harufu ya dawa kabla ya kuomba udaktari chuoni. Nilipangiwa dirishani: kupokea vikopo, kubandika namba, kuandika daftari. Wiki mbili hazikuisha nikawa nimeshaipenda kazi hiyo kabisa. Madaktari walipita na makoti yao meupe, wala sikuwaonea wivu. Mimi nilitaka kujua kilichomo ndani ya kikopo. Mama aliyesimamia maabara, mtu mkali asiyecheka kabla ya saa nne, aliniambia kazi za huku nyuma ni nyingi: wapo wanaosoma damu, wapo wanaosaka vijidudu, wapo wanaochunguza vipande vya uvimbe, wapo wanaotafiti chanjo. Nilimsikiliza kama mtu anayetajiwa vyakula huku njaa inamuuma.

Shida ilikuwa moja tu. Dirisha la maombi ya vyuo lilikaribia kufungwa, na baba alikuwa anasubiri kusikia neno moja, udaktari.

Siku hizo alikuja mwanamke mmoja kutoka upande wa Issuna, bado kijana, amekonda mpaka kanga inamzunguka mara mbili. Ilikuwa mara yake ya tatu. Kila alipokuja alipewa kikopo aende nacho nyumbani, akohoe asubuhi na mapema, alete makohozi apimwe kifua kikuu. Kila mara alileta mate masafi, na majibu yakawa hayaonyeshi kitu.

"Haya ni mate, mama. Tulisema makohozi," msimamizi alimwambia. Yule mwanamke aliinamisha kichwa, akapokea kikopo kingine, akatoka.

Nilikasirika, na hasira haikuwa juu yake. Ilikuwa juu yetu sisi wa dirishani tuliokuwa tunarudia maelezo yaleyale. Nilimfuata nje nikamuuliza anaishi na nani.

"Kwa baba mkwe," alisema. "Chumba chetu na chake ni ukuta mmoja."

Sikuhitaji kuuliza zaidi. Nimekulia kwenye boma ambalo mkwe hapiti kichwa wazi mbele ya baba mkwe, sembuse kukohoa na kutema alfajiri mzee akisikia. Alikuwa anakibana kikohozi kwenye kanga mpaka kunapambazuka, halafu anatema mate kidogo ili asije mikono mitupu.

"Dada, hapa hakuna baba mkwe," nilimwambia. Nikampeleka nyuma ya jengo, palipo wazi na penye upepo, mahali pa kukoholea. Nikasimama mbali, nikamgeuzia mgongo. Alikohoa kwa muda mrefu, na aliporudi hakuwa ameinamisha kichwa.

Kesho yake msimamizi aliniita kabla ya saa nne, akiwa anacheka. "Tumekipata kifua kikuu. Ameanza dawa leo," alisema. "Bila wewe tungemrudisha mara ya nne." Nilifurahi mpaka nikakosea kubandika namba, akaacha kucheka.

Jumamosi nilikwenda Mtinko. Baba alikuwa anapepeta alizeti uani, na upande wa pili mke wa kaka anafagia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, daktari."

"Baba, siombi udaktari. Naomba sayansi ya maabara."

Aliweka ungo chini. "Yaani usome miaka yote hiyo uje kuangalia choo cha watu?"

"Na makohozi," nilisema.

Akahamia Kinyaturu, lugha yetu ya nyumbani, na baba akishahamia Kinyaturu ni kumwacha amalize. Alipomaliza nilimsimulia habari ya yule mwanamke, bila kusema ni wa wapi. Nilimwambia kwamba daktari alikuwepo mara zote tatu, na mara zote alikuwa anasubiri karatasi kutoka kwetu.

Baba aligeuka kuangalia upande wa pili. Mke wa kaka alikuwa ameacha kufagia. Baba akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huyu yuko hapa mwaka wa nne. Umewahi kumsikia akikohoa?"

"Hapana."

"Hata mimi." Akaokota ungo, akaushika tu bila kupepeta. "Jaza hiyo maabara yako. Iwe ya kwanza."

Niliijaza jioni ileile kwenye simu, chaguo la kwanza.

Asubuhi baba aliamka mapema kuliko siku zote. Nilimwona kupitia dirisha akibeba kigoda chake, akaenda kukaa mbali kule kwenye zizi, akaigeuzia nyumba mgongo. Muda kidogo ukapita. Kisha kutoka chumba cha mke wa kaka nikasikia kikohozi kimoja, kidogo, cha kujaribu.