Pengo Mstarini

Ukiingia jengo kuu la chuo chetu, ukapita ofisi ya malipo, utaiona ukutani picha ndefu kuliko mwanangu wa kwanza akijinyoosha kitandani. Wanafunzi wote wa mwaka 1951 wamo, tumepangwa nusu duara kwenye majani. Wageni hucheka wakigundua kwamba kijana mmoja, Orville Strand, katokea mara mbili: kushoto na wenzake wa Klabu ya Tai, halafu tena kulia, karibu na mimi. Kisha huniuliza, "Maxine, huyu alikuwa anakukimbilia wewe?"

Laiti. Mimi hakuna aliyewahi kunikimbilia isipokuwa wanangu wakisikia harufu ya nyama. Orville alikuwa anamkimbilia Leona Jelinek, na Leona kwenye picha hiyo hayumo.

Leona alikuwa binti wa fundi wa siagi kwenye kiwanda cha maziwa hapa hapa mjini Stroud Falls. Alikuwa mrefu, na akicheka alichekea puani, akajaribu kujizuia, akashindwa. Alikuwa na akili za darasani kunishinda mimi mara mbili, lakini katika chuo chetu akili hazikukupa pa kukaa. Pa kukaa ulipewa na klabu. Kila klabu ilikuwa na meza yake ya chakula, benchi lake chini ya miti, na sweta yake ya rangi yake. Sisi tuliolala kwa wazazi wetu hatukuwa na klabu. Tulikuja asubuhi kwa miguu, na chakula cha mchana kwenye mfuko wa karatasi, tukakila chumba cha chini kando ya mabomba ya mvuke. Walituita kina Mifuko. Nilikuwa nasema sijali, na nilikuwa nadanganya.

Orville aliletwa huko chini na tumbo lake. Alikuwa anaimba sauti ya chini kabisa katika kwaya, na vitabu vya kwaya viliwekwa stoo jirani na chumba chetu. Siku moja ya baridi kali Leona alikuwa ameweka kolache za mama yake juu ya bomba zipate moto, vile vimkate laini vya Kicheki vyenye jemu ya plamu katikati. Mlango ukafunguka, pakaingia sweta ya kijani ya Tai.

"Hodi humu. Nimefuata harufu, sikufuata watu."

"Basi ichukue harufu yako uende nayo," nikamwambia.

"Dada, harufu haishibishi."

Leona akacheka kwa pua, na hapo mambo yakawa mambo. Akampa kimoja. Orville alikula amefumba macho, akauliza kama mama yake Leona anaolewa. Kesho yake akarudi. Baridi yote ile akawa anarudi, na Leona akawa anamwekea viwili pembeni, ole wako uviguse.

Nami nikawa natazama. Huko chini Orville alikuwa wetu, anacheka mpaka makombo yanamtoka mdomoni. Huko juu, akiwa na wenzake wa Tai, alimpita Leona kwenye njia ya kanisa la chuo akainua nyusi tu. Iliniuma kuliko ilivyokuwa inanihusu.

"Mwenzangu," nilimwambia Leona, "mwanamume wako huyu anasalimia kwa nyusi. Au mdomo ameuweka akiba kwa ajili ya mikate?"

"Niache, Maxine."

"Nakuacha. Lakini wewe mwenyewe hulioni?"

Aliliona. Wiki ile ile akamwambia mwenyewe, mimi nimekaa hapo hapo najifanya nasoma.

"Orville, mimi ni mtu au ni sahani?"

"Leona! Limetoka wapi hilo?"

"Chini unanijua, juu hunijui. Nimechoka kujulikana chini."

Orville aliiweka kolache chini. Alikuwa na masikio makubwa, na yote mawili yaliwaka. "Siku ya picha," akasema, "nitasimama na wewe. Mbele ya chuo kizima."

"Na hiyo sweta?"

"Nayo nitaivaa."

Hapo hata mimi nilifunga kitabu. Siku ya picha kila mtu alisimama na watu wake, na mvulana aliyetoka kwenye klabu yake akasimama kando ya msichana alikuwa ametangaza uchumba. Kabla ya chakula cha jioni hata wapishi wangekuwa wanaulizana harusi lini. Leona alikwenda nyumbani siku ile bila kofia, katika theluji, na wala hakujua kwamba ameisahau.

Picha hizo zilipigwa majira ya kuchipua, kwa kamera iliyosimama juu ya miguu mitatu na kugeuza kichwa polepole yenyewe, kutoka kushoto kwenda kulia. Walioko kushoto walipigwa kwanza, sisi wa kulia mwisho. Ndiyo maana kila mwaka hakukosa mjinga mmoja: jicho la kamera likishampita, hukimbia nyuma ya watu, akaiwahi upande wa pili, akatokea mara mbili ametoa ulimi. Mwaka ule Bi Haverkamp, mlezi wa wanafunzi, alitangaza kanisani kwamba atakayekimbia atafukuzwa hadi vuli. Kulikuwa na vita Korea. Mvulana akiwa nje ya chuo, jeshi lilikuwa halichelewi kumwita.

Leona alivaa gauni la buluu na bruchi ya mama yake kifuani. Sisi kina Mifuko tuliwekwa kulia, karibu na mapipa ya taka ya jikoni, pahali petu pa kila mwaka. Alisimama kando yangu, na upande wake wa pili akaacha nafasi ya mtu mmoja. Msichana wa mwisho mstarini alipotaka kusogea aizibe, Leona akamwambia, "Samahani, pana mtu."

Mtu mwenyewe tulimwona kule ng'ambo, kwenye ngazi za kanisa, katikati ya sweta za kijani, mwenyekiti wa klabu kamwekea mkono begani.

"Anakuja," akasema Leona.

Mimi nikamnyooshea bruchi.

"Msitikisike!" mpiga picha akapaza sauti. "Macho kwangu!"

Kamera ikaanza kuvuma na kugeuka. Orville hakusogea. Nilimwona Leona anamtazama, mdomo umebana, na kamera ikaziacha zile ngazi ikaanza kuwajia watu wa katikati.

"Basi," akasema. Akageuka, akapita nyuma ya ua wa miti midogo, akaenda zake nyumbani.

Mimi nilibaki macho mbele, mkono wangu wa kushoto unasikia ubaridi alipokuwa amesimama. Halafu nikasikia watu wanashangilia, viatu vinakuja mbio nyuma yetu, mtu anahema karibu. Sikugeuza kichwa, kamera ilikuwa inanitazama mimi. Iliponyamaza nikageuka, nikaona Bi Haverkamp keshamshika Orville mkono, anamwondoa kama mtoto aliyekojoa kanisani.

Nilikwenda kwa Leona nikitweta. Nilimkuta anapiga pasi mashuka ambayo hayakuhitaji pasi.

"Leona, alikimbia! Alikuja mpaka upande wetu!"

"Kila mwaka kuna mjinga anayekimbia."

"Lakini alikuja kwetu, mwenzangu."

"Sasa angekimbilia wapi? Huko ndiko mwisho wa mstari." Akanyunyiza maji kwenye shuka. "Alitaka kuchekesha wenzake. Kama alitaka kusimama na mimi, mbona alianza kusimama nao?"

Mpaka leo sijui kama aliogopa kwanza kisha akajirudi, au alipanga hivyo tangu mwanzo akasahau kutuambia. Asubuhi yake alipandishwa treni kurudi kwao kaskazini, na Leona hakwenda stesheni.

Picha ililetwa karibu na kufunga chuo. Ilipotundikwa watu walijaa, wakaicheka, wakaondoka. Leona alibaki mbele yake. Kisha akaniita.

"Maxine, njoo uone."

Wakimbiaji wa miaka yote hutoa ulimi. Orville hakutoa. Hata kamera hakuitazama. Alikuwa amegeuza shingo kuelekea upande wangu, mdomo wazi, anatazama pale pasipo na mtu. Na wala hakupaziba. Alisimama kwenye nafasi ile aliyowekewa, akaacha nyingine kati yake na mimi, upana wa Leona kamili.

"Nafasi yangu ameiacha," akasema Leona. Hakulia hapo. Alilia kwetu jikoni, kichwa juu ya meza, nami nikalia naye, maana nilimpenda sana rafiki yangu yule.

Jumapili yake alipanda basi kwenda kwa kina Strand, na kolache kwenye sanduku. Mama yake Orville akamkaribisha kahawa, akamwambia mwanawe alikwenda jeshini siku ya Jumanne.

"Na wewe ni nani yake, binti?"

Leona aliniambia kwamba hapo aliliangalia sanduku la kolache. "Tulikuwa tunakula pamoja," akamjibu.

Alingojea. Tulisikia Orville karudi kutoka Korea mzima, lakini alishukia pwani ya magharibi, na baada ya muda jarida la chuo likasema ameoa huko Oregon na anauza mbegu. Leona alilisoma, akalikunja, akasema, "Angalau amepona." Daktari wa meno wa mjini kwetu alimposa mara mbili, mtu safi, ana gari. Alikataa mara zote mbili na akaendelea kung'olewa meno na yeye huyo huyo.

Alifanya kazi kwenye mitambo ya simu ya chuo maisha yake yote. Watoto waliokuwa wanalia kwa kukumbuka kwao yeye ndiye aliyewaunganisha na mama zao. Mimi niliajiriwa ofisi ya malipo, kwa hiyo kila mwaka tulipigwa picha ya wafanyakazi pamoja. Zitazameni picha hizo. Leona yuko kulia, na upande wake wa pili pana pengo la mtu mmoja.

"Sogea, bibi wee," nilikuwa namwambia. "Watu watadhani unanuka."

"Niache, Maxine."

Mwaka aliostaafu, chuo kiliwaalika wote waliokuwa katika picha ile ndefu. Orville aliandika kwamba atajitahidi kufika. Leona alishona gauni jipya la buluu, akaoka kolache kwa mkono wake, na tangu asubuhi kila gari lililoingia aliligeukia. Magari mengi yaliingia. Wazee wa Tai walifika wamebeba matumbo yao. Orville hakufika, na hakuna aliyejua kwa nini.

Alasiri tukapangwa kwenye majani, wageni na wafanyakazi pamoja. Mpiga picha alikuwa kijana, na kamera ndogo isiyogeuka.

"Mama wa gauni la buluu," akasema, "sogea kidogo tafadhali. Pana pengo hapo."

Leona hakusogea. Miguu ilikuwa imara. Mpishi aliyekuwa upande wa pili akaanza kujisogeza aizibe.

"Wewe, simama hapo hapo!" nikamfokea. "Na wewe kijana, piga hivyo hivyo."

Akapiga. Watu wakaanza kutawanyika kwenda kula. Leona alibaki amesimama, akanishika mkono.

"Umeona, Maxine?" akasema. "Safari hii sikuondoka."