Visahani Vilivyostaafu

Dada Upepo alikuwa na visahani vya majivu ya sigara vilivyojaa rafu tatu za sebule yake, na sigara hakuivuta hata siku moja. Jambo hili liliwachekesha wengi. Jirani yake wa mlango wa pili, fundi cherehani, mwanamke mwenye maneno yasiyoisha kama uzi wake, alipenda kusema, "Huyu shoga yangu amejaza hatamu ukutani, na punda hana hata mmoja." Dada Upepo alicheka tu, kisha akaendelea kuvifuta vumbi kwa kitambaa laini, kile cha kufutia miwani.

Jina la Upepo alilipata kazini. Alikuwa mhudumu kwenye ukumbi wa hoteli moja kubwa, yenye zulia jekundu ngazi nzima, tangu akiwa msichana mpaka mvi zikamtoka. Siku hizo watu walivuta popote walipokaa, hata pembeni ya kitanda cha mtoto, na wala hakuna aliyewakodolea macho. Kwa hiyo nusu ya kazi yake ilikuwa chai na kahawa, na nusu nyingine ilikuwa majivu.

Na majivu yana adabu yake. Mhudumu aliyefundishwa hanyanyui kisahani kichafu hivi hivi, maana feni ikikipuliza, majivu yatatua kwenye kahawa ya mgeni, na hapo mhudumu atafute kazi nyingine. Anakuja na kisahani safi, anakifunika juu ya kile kichafu, anavinyanyua vyote viwili pamoja mpaka kwenye trei, halafu kile safi anakirudisha mezani. Hayo yote yafanyike mgeni akiwa katikati ya sentensi, na sentensi isikatike. Yeye alilifanya jambo hilo vizuri kiasi kwamba wageni waliapa hakuna aliyepita. Wenzake wakamwita Upepo, na jina likamganda.

Jambo la kushangaza ni kwamba miaka yote hiyo visahani vyenyewe hakuwahi kuviona. Alivishika kutwa kucha, lakini alichokuwa akikitazama ni majivu. Mpaka siku sigara zilipopigwa marufuku ukumbini, mkuu wa stoo akavijaza kwenye maboksi, akamwambia, "Upepo, hivi vipeleke jalalani." Njiani akapita kwenye bomba la bustanini, akakisuuza kimoja, bila sababu, mazoea tu ya mkono. Maji yakateremka, na chini yake ikatokea rangi.

Kilikuwa cha udongo wa kuchoma, kimepinda kama yai lililobonyezwa upande mmoja, rangi ya chungwa lililoiva sana, na ndani yake rangi ilikuwa imechemka tanurini ikaacha mapovu meusi. Alikigeuza, chini kuna muhuri na namba. Akasimama pale bombani mpaka mtunza bustani akamuuliza kama anaumwa. Maboksi yale hayakufika jalalani.

Tangu hapo akawa anavitafuta. Vilivyo vizuri zaidi, alikuja kugundua, ni vya miaka ya hamsini na sitini, enzi ambazo waliovifinyanga walichoka na duara wakaanza kucheza. Wakatengeneza chenye umbo la figo, chenye umbo la jani lililokunjwa na upepo, pembetatu zenye kona laini kama sabuni iliyotumika. Vingi alivipata kwa Mzee Vikorokoro, muuza vyombo vya zamani wa mtaa wa nyuma, ambaye dukani kwake huwezi kugeuka bila kuangusha kitu. Mzee Vikorokoro alikuwa akimwekea kando, akimtania, "Mteja wangu, ukifa tutakuchoma, ili visahani vyako vipate majivu?"

Mumewe alikuwa ametangulia, na watoto hawakujaliwa. Alistaafu akawa anaishi peke yake na rangi zake, na hakulalamika.

Ndipo mdogo wake akaja. Huyu alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na wote walimwita Dereva hata baada ya macho kumkataza usukani. Alikuwa akiishi kwa mwanawe, lakini kulizaliwa mjukuu mwenye kifua kinachobana, na moshi ukawa ugomvi wa kila siku. Mkwewe akasema, kwa heshima zote, ama sigara ama baba. Dereva alijaribu kuacha, akashindwa, akajaribu tena, akashindwa. Mwishowe akabeba begi lake akaja kwa dada yake. Hakuwa na mlango mwingine wa kubisha, na wote wawili walilijua hilo.

"Utavutia kibarazani nyuma," Dada Upepo akamwambia siku ile ile ya kwanza, "na majivu utatia humu." Akampa kopo tupu la maziwa ya unga.

Dereva akalitazama kopo, akazitazama rafu. "Dada. Nyumba hii ina visahani vingi vya majivu kuliko hoteli uliyotoka, na mimi unanipa kopo?"

"Hivyo vimestaafu."

"Na mimi je?"

"Wewe vuta kibarazani."

Wakacheka, na mambo yakaenda hivyo kwa muda. Alikuwa mgeni asiye na makuu. Alitengeneza bawaba za mlango, alinunua mkate, alikaa pembeni ya kochi kama mtu anayesubiri kuitwa. Kikombe chake alikiosha mwenyewe, kitu ambacho nyumbani kwao, walipokuwa wadogo, hakuwahi kukifanya, maana dada yake ndiye aliyetumwa kumtengea kila kitu, hata maji ya kunawa. Dada Upepo aliliona hilo, akalifurahia kimya kimya.

Jioni moja ya mvua kubwa kibaraza kilikuwa hakikaliki. Fundi cherehani alikuwa amekuja kusubiri mvua ipungue, na anasimulia habari ya bibi harusi mmoja aliyenenepa kati ya kupimwa gauni na kulivaa. Dereva alikuwa dirishani, dirisha wazi, sigara mkononi, anacheka mpaka machozi. Majivu yakarefuka. Kwa kuliogopea zulia, mkono wake ukanyooka ukavuta kisahani cha karibu rafuni, akakung'utia humo.

Dada Upepo alikuwa anatoka jikoni na trei ya chai. Akaweka vikombe. Akachukua kisahani kingine rafuni, akakifunika juu ya kile chenye majivu, akavinyanyua pamoja, akakirudisha kile safi mbele ya mdogo wake, akarudi jikoni. Fundi cherehani hakukata sentensi.

Na Dada Upepo mwenyewe hakujua kama amefanya kitu. Jikoni alimwaga, akaosha, akakausha, akili yake yote iko kwa yule bibi harusi na zipu iliyogoma.

Wiki iliyofuata Dada Upepo alikwenda kliniki ya macho, akashinda huko kutwa. Aliporudi alipigwa na harufu mlangoni. Kilikuwepo kisahani kwenye mkono wa kochi, kingine juu ya redio, kingine dirishani, kingine sakafuni karibu na miguu ya Dereva, ambaye alikuwa amejinyoosha akisikiliza taarifa ya habari kwa raha zake, kwa mara ya kwanza tangu aje. Vyote vimejaa majivu. Na kile cha rangi ya chungwa, cha siku ya bombani, kipande cha sigara kilikuwa kimesagwa ndani ya mapovu yake.

"Karibu dada," Dereva akasema. "Umechelewa, nimeshaanza kuona njaa."

Hapo ndipo kitu kikakatika.

"Mimi nilikuambia nini? Nilikuambia nini siku ya kwanza?"

"Dada, si wewe mwe—"

"Nyamaza! Nimemwaga majivu ya watu nisiowajua mpaka nikazeeka. Mikono ilinuka mpaka mume wangu akawa analala kanipa kisogo. Nimestaafu, nimefunga mlango wangu, sasa umeniletea hoteli ndani ya nyumba! Unakaa hapo, unasubiri nije nizoe! Mimi si mhudumu wako!"

Dereva akainuka. Alizima redio. Akaingia chumbani, akatoka na begi, akavaa viatu taratibu, kila kamba akiivuta mara mbili, labda akisubiri neno. Dada Upepo alikuwa anakusanya visahani. Akaondoka.

Dada Upepo alijaza beseni, akachukua mswaki wa zamani, akaanza kusugua. Majivu yaliyoingia kwenye mapovu hayatoki upesi. Na kadiri alivyosugua, hasira ikawa inatafuta pa kukaa na haipapati. Vyombo havikuharibika, hata kimoja. Udongo uliokwisha kuchomwa tanurini haujali sigara, kazi yake ndiyo hiyo. Basi kinachomuuma ni nini? Akajiuliza hivyo, mswaki mkononi. Lingekuwa jambo la uzuri wa kisahani, angelia kwa kisahani. Lakini machozi yalimtoka alipokumbuka jinsi mdogo wake alivyonyoosha miguu, kama wageni wale, kama mama yao angali yupo na anaita kutoka chumbani, "Mpe mwenzio maji."

Fundi cherehani aliingia bila kubisha, kama kawaida yake. "Nimemwona Dereva na begi, uso kama kitambaa kilichofuliwa na kukamuliwa. Kulikoni?"

Akaelezwa. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo kwake ni kubwa, kisha akasema, "Lakini shoga, si wewe uliyempa ruhusa?"

"Mimi? Lini?"

"Siku ya mvua. Ukambadilishia kisahani. Hivi." Akachukua visahani viwili mezani akamwonyesha, kimoja juu ya kingine, vikainuka, kimoja kikarudi. Alifanya vibaya, vikagongana, lakini Dada Upepo alikitambua kitendo kama mtu anavyoitambua sauti yake mwenyewe kwenye simu. "Mimi nikasema moyoni, ee, leo ndugu wamepatana. Ulimwona alivyonyamaza baada ya pale? Alikitazama kile kisahani kama amevishwa nishani."

Dada Upepo akakaa juu ya ndoo.

Asubuhi alikwenda kwa Mzee Vikorokoro, maana Dereva hakuwa na rafiki mwingine mtaani. Mzee akamwonyesha kwa kidevu upande wa stoo, akajitia kupanga sufuria. Dereva alikuwa amekaa juu ya friji iliyolazwa chini, shati la jana, anavuta, na majivu anayatia ndani ya kiganja chake.

"Utaungua," Dada Upepo akamwambia.

"Nimezoea."

Dada Upepo akatafuta pa kukaa, akapata kiti chenye miguu mitatu, akaamua kusimama. "Ile siku ya mvua," akaanza.

"Usijali, dada."

"Ngoja niseme. Nilikubadilishia kisahani, sivyo? Mdogo wangu, nitakuambia kweli, sikujua. Ni mikono. Imefanya kazi ile miaka mingi, ikiona majivu inakwenda yenyewe."

Dereva aliyaangalia majivu yake kiganjani. "Kwa hiyo hukuwa wewe," akasema polepole. "Mimi nilidhani umenipokea. Tangu nije nilikuwa najiona kama begi lililoachwa kwa watu. Siku ile nikasema, aa, dada kanikaribisha. Ndiyo maana jana nikajinyoosha." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na meno. "Kumbe mikono."

Dada Upepo angeweza kumdanganya, na uongo wenyewe ungekuwa mdogo na wa huruma. Aliufikiria, akaona mtu huyu amekwisha kupokelewa kwa bahati mbaya mara moja, na mara moja inatosha.

"Siku ile ilikuja mikono bila mimi," akasema. "Leo nimekuja na miguu, na miguu hii inauma, ujue. Haikuja kwa mazoea."

Dereva akaitazama ile miguu.

"Twende nyumbani. Utachagua kimoja kiwe chako. Utavutia kibarazani, hilo halibadiliki. Lakini sikiliza vizuri. Utakimwaga mwenyewe. Utakiosha mwenyewe. Sitakigusa, hata kikijaa mpaka kimwagike."

"Kimoja chochote?"

Dada Upepo akaipitia rafu yote kichwani. "Chochote."

"Afadhali aende!" Mzee Vikorokoro akapaza sauti kutoka kwenye sufuria zake. "Anakoroma mpaka vijiko vyangu vinacheza!"

Walirudi pole pole, begi kalibeba Dereva. Alisimama mbele ya rafu muda mrefu, mikono nyuma, kama mtu anayechagua gari. Akapita pembetatu, akapita majani. Akanyanyua kipana cha rangi ya parachichi, kizito, chenye vijipengo vinne vya kulazia sigara, chombo ambacho Dada Upepo alikipata mwaka uliopita baada ya kukiulizia kwa miezi, na ambacho fundi cherehani alikatazwa hata kukipumulia.

"Hiki hakitapeperushwa na upepo huko nyuma," Dereva akasema. Kisha akamtazama. "Au kina mwenyewe?"

"Nimesema chochote."

Akaenda nacho kibarazani. Dada Upepo alikaa kwenye kiti cha jikoni, akachambua mchele usiokuwa na mawe. Baada ya muda Dereva akaingia, kisahani mkononi, kiganja kimefunika juu ili majivu yasiruke. Akamwaga kwenye pipa, mengine yakamwagikia nje. Akafungua bomba lote, maji yakamrukia tumboni. Akatia sabuni ya kufulia nguo. Kisahani kikagonga ukingo wa sinki, ngo, na Dada Upepo akashika kiti kwa mikono miwili.

"Dada, hivi vitundu navisugua na nini?"

"Na mswaki. Upo kwenye kikombe dirishani."

"Huu mwekundu?"

"Huo ni wa meno yangu! Ule mwingine!"

Kikagonga tena. Dada Upepo alifumba macho, akabaki amekaa, mikono haijaachia kiti.