Punje ya Harage Mlangoni mwa Gereji

Nakumbuka gunia tupu, mwanangu. Lilifika kwetu Dongobesh siku moja begani mwa mzee Tarmo wa Basotu, na mpaka leo nikiona gunia tupu moyo unanipiga paa.

Wakati huo nilikuwa kijana wa kujaza upepo baiskeli za watu pale senta. Nikipata nafasi, nilijenga gereji. Usicheke! Ulidhani umeanza wewe? Ilikuwa gereji ya boksi la sabuni, ya kubebeka mikononi. Bati za paa nilikata kwenye kopo la maziwa, sakafu nikamwaga saruji na majivu, lori langu la bati nikalivalisha matairi ya kandambili. Vispana vya waya nilivitundika ukutani kimoja kimoja. Kisha nikamwita mpiga picha wa mnadani, nikamlaza kifudifudi uani kwetu hadi kamera ikawa sawa na mlango wa lori, na nyuma yake ukaonekana mlima wa kweli na mawingu ya kweli. Picha ilipotoka nilishtuka mwenyewe. Mama yangu! Gereji kabisa, utadhani unaweza kuingia.

Hapo ndipo shetani aliponipata. Nilikuwa nampenda Paskalina, binti wa mzee Tarmo, kupenda kwa kukosa hamu ya chakula, na baba yake alitaka kujua mkwe anafanya kazi gani. Aliyekuwa akienda kuniposea ni baba mdogo, aliyekaa mbali na sisi, kijijini. Nikampa ile picha, nikamwambia, "Hii ni gereji yangu, nimefungua Babati." Alifurahi jamani! Akaenda akaweka neno lake mbele ya wazee wa watu, mtu ambaye hajawahi kudanganya hata bei ya kuku.

Wiki mbili baadaye, ndio hilo gunia. Mzee Tarmo alikuja pamoja na baba mdogo.

"Shikamoo baba. Karibu ndani."

"Marahaba. Sikai. Nimekuja kuomba mbegu ya maharage." Akatoa picha yangu mfukoni, akaweka kidole mlangoni mwa gereji. "Haya hapa. Punje moja sawa na tairi la lori! Sisi tunalima tangu babu zetu, hatujayaona. Gunia hili zitaingia punje ngapi, nne?"

Nikainama kuitazama ile picha. Siku ile ya picha mama alikuwa ameanika maharage uani, punje moja ikabingirika hadi kwenye gurudumu la lori pale mlangoni, na mimi na macho yangu haya sikuiona. Baba mdogo aliichukua picha, akaitazama, halafu akavua kofia mbele ya mzee Tarmo kuomba radhi. Hakunigombeza. Afadhali angenichapa!

Nikaenda kuleta boksi. Mzee Tarmo akapiga magoti, akachungulia ndani, akagusa vispana kwa ncha ya kidole.

"Hii umetengeneza wewe? Kwa mikono?"

"Ndiyo baba."

"Sijaona kijana mwenye mikono ya namna hii. Ungeniletea hii yenyewe, ukaniambia ni boksi, ningekupa binti yangu kwa furaha. Sasa nimpeje mtu ambaye sijui anasema kweli lini?"

Akaliacha gunia mlangoni. "Ukivuna ya kweli, niletee."

Mwaka wa pili nililijaza, maharage ya kawaida tu, madogo, nikalipeleka Basotu. Aliyetoka kunipokea alikuwa Paskalina, na mtoto mgongoni. Akaniita kaka. Kaka! Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini mimi yalinikuta hata mke sina. Nilirudi ndani ya basi nikilia mbele za watu.

Sasa jana umenionyesha kwenye simu picha ya gereji yako ya kubebeka uliyoiweka mtandaoni, vigari vimepangwa, taa inawaka ndani. Nikashtuka tena, nikadhani ni Arusha. Umenizidi, nakubali. Lakini pale chini ya picha mtu wa Katesh ameuliza gereji iko wapi alete gari lake, na wewe umemwandikia "karibu sana", ukacheka. Yaani hata hukuona haya! Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, na mimi nilimtembeza baba mdogo wangu kwenye njia hiyo hadi akavua kofia. Hakunitaja tena kwa wazee mpaka anafariki.

Nakuasa hivi: kitu cha mikono yako kiite kwa jina lake. Kama ni boksi, sema ni boksi, mwenye macho atakusifu kwa hilo hilo boksi. Na uongo wako usimpe mtu mwaminifu akusemee.

Mungu aibariki mikono hiyo, akupe mke anayekujua na wakwe wanaokuamini. Haya, shika simu. Mjibu yule wa Katesh kabla hajawasha gari.