Posa Yangu Ilivyosubiri Kitabu

Mimi shule niliishia darasa la tatu, tena hilo la tatu nilikaa miaka miwili, kwa hiyo mtu asinidhanie msomi. Lakini kuna kitabu kimoja cha Kizungu, cha mapenzi, cha zamani sana, kilinitoa jasho kuliko jembe.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, maduka ya Bariadi yalipoanza kujaa sabuni na sukari, na mitumba ikamwagwa mnadani. Nilinunua koti zito la baridi, na jua letu hili! Tuyaache. Kitabu kilipatikana humo humo, kati ya viatu. Aliyekinunua alikuwa mke wa kaka wa binti niliyempenda kule Nkoma, mwanamke aliyefika kidato cha nne. Mchana wanawake wa mji ule wakichambua pamba, safi huku, fifi, ile yenye madoa, kule, yeye anasoma na kugeuza kwa Kisukuma.

Nilipokwenda kuuliza jibu la posa yangu, binti hakuinua hata macho.

"Subiri. Yule wa kitabuni naye kaposwa na tajiri. Nikijua alivyojibu, nitakujibu."

"Mmefika wapi?"

"Ukurasa wa arobaini," akasema msomaji. "Ziko mia tatu na ushee."

Basi nikawa nakwenda kila siku, dume zima nachambua pamba na wanawake. Na kitabu kikaninasa! Siku moja mama mkwe, yaani niliyemtaka awe mama mkwe, akauliza, "Huyo tajiri katoa ng'ombe wangapi?"

"Hawakutaja, mayu," msomaji akamjibu mama.

"Kitabu gani hicho! Weka thelathini."

Msomaji akaweka thelathini. Moyo ukanipasuka, kwetu walikuwapo wanane, mmoja kilema.

Nikaona nisife kwa kungoja. Nikapeleka kilo ya sukari. "Shemeji, ruka kurasa kidogo."

"Shemeji ya nani? Bado!" Lakini sukari akaipokea, akaruka. Akasoma kimya, kisha akaangua kicheko. "Kamkataa! Kamkataa na utajiri wake!"

Wanawake wakapiga vigelegele, pamba ikaruka juu. Mimi nikachukua baiskeli yangu.

"Unakwenda wapi?" binti akauliza.

"Si umesikia?"

"Aliyekataliwa ni wa kitabuni. Na kurasa bado nyingi, kwa hiyo atarudi."

Nilikuwa sijavuka hata ua wa minyaa. Nikageuza baiskeli. "Haya, na mimi nimerudi."

Walicheka mpaka mama yake akakaa chini. Binti akajifuta machozi kwa khanga.

"Kawaambie wazee wako waje Jumapili."

Kitabu hicho kimesomwa nyumbani kwangu mara nisizozijua, siku hizi wasomaji ni wajukuu. Yule wa kitabuni akifika pale anapomkataa tajiri, naona kama safari hii huenda bibi yao ataniacha niende.